Kumchukua Ami Sele

Majani yaliyolowa yana harufu yake, na mimi siipendi. Wenzangu kazini huisifu. Kila mwaka, joto likishavunjika na miti ya mtaani kwetu Ilford ikaanza kujimwaga, hakosi mmoja wao wa kusimama dirishani na kikombe chake na kusema kwamba huu ndio wakati mzuri kuliko wote katika nchi hii. Mimi huitikia kwa kichwa tu. Nchi hii niliiona siku moja katika uzuri wake wote, nikiwa na miaka tisa, na siku hiyohiyo nikafanya jambo ambalo mpaka leo halijanitoka.

Tulikuwa tukikaa Hayes, ghorofa ya pili, mahali ambapo ndege zikipita vikombe hutetemeka kabatini. Baba alikuwa akipakia mizigo katika maghala ya jirani na uwanja wa ndege. Mama alikuwa nyumbani na mdogo wangu, ambaye bado alikuwa wa kubebwa. Na Ami Sele, mdogo wake Baba, alilala ukumbini juu ya godoro ambalo asubuhi lilisimamishwa nyuma ya mlango. Walitoka Unguja pamoja, yeye na Baba, na miaka ile ya mwanzo walikuwa chanda na pete.

Ami Sele ndiye aliyenipa Kiswahili. Nilikuwa kama watoto wote wa kwetu waliozaliwa London, nasemeshwa Kiswahili najibu Kiingereza, na wazee wangu walishachoka kupigania jambo hilo. Ami hakuchoka. Nikimwambia kitu kwa Kiingereza alijitia uziwi. "Humu ndani mna mbu," atasema huku akitazama dari, "anapiga kelele, lakini sijui anataka nini." Mpaka niseme, "Ami, nataka maji," ndipo ataruka kama aliyeitwa na mfalme, aniletee maji kwenye gilasi ya wageni.

Kisha akaondoka. Palikuwa na watu wakichukua wafanyakazi wa kwenda kuchuma matufaha huko mashambani, karibu na mpaka wa Wales, na kazi ilikuwa ya wiki sita. Wiki sita zikapita, hakurudi. Habari zilizotufikia ni kwamba anakaa na Mzungu mfuga kondoo, mwanamke aliyemzidi umri. Nakumbuka Baba amesimama jikoni, kofia mkononi, akimwambia Mama, "Anaishi na mwanamke bila ndoa, na mimi ndiye mkubwa wake. Kajitupa porini. Basi na akae huko porini." Baba alikuwa mtu wa neno moja. Tangu siku hiyo jina la mdogo wake halikutoka tena kinywani mwake.

Ami alikuwa akipiga simu kila Jumapili. Simu yetu ilikuwa kwenye ujia, na mwenye mbio ndiye aliyepokea, yaani mimi. Mara ya kwanza Baba alinitolea ishara na kusema kwa sauti ya chini, "Mwambie sipo." Nami nikasema kwenye simu, "Baba anasema hayupo." Ami alicheka mpaka akakohoa. Kisha akatulia, akasema, "Basi mwambie nimesikia. Na mwambie huku majani yamegeuka rangi, aje aone." Nikampelekea Baba maneno yale neno kwa neno. Akafunua ukurasa wa gazeti ambalo hakuwa akilisoma.

Miaka miwili ilikwenda hivyo. Ikaja simu siku ya Ijumaa, na aliyepokea ni Mama. Nilimwona akisikiliza, akiteleza taratibu na ukuta mpaka akakaa sakafuni. Nikapelekwa kwa jirani. Niliporudishwa jioni, ukumbi umejaa wanaume wa msikitini, viatu vimepangana mpaka nje ya mlango, na Mama macho yamemvimba. Nikamuuliza kuna nini. Akanivuta kifuani, akasema, "Baba yako anakwenda kumchukua ami yako."

Kwetu mtoto haambiwi kifo. Huambiwa fulani kasafiri, au fulani anakwenda kuchukuliwa, kisha huachwa mpaka aelewe mwenyewe. Mimi nilielewa kwamba wamepatana. Machozi ya Mama hayakunishangaza, kwa sababu nilishamwona akilia vilevile uwanja wa ndege siku alipokuja dada yake. Jumamosi nikafagia chumba changu. Nikasogeza kitanda ukutani, nikapima kwa hatua, nikaona godoro la Ami litaenea. Safari hii hatalala ukumbini.

Skuli ilikuwa imefungwa kwa wiki moja, ile ya mwisho wa Oktoba. Jumatatu usiku nilimsikia Baba akimwambia Mama kwamba atakwenda na mimi. "Mtoto mdogo huyo," Mama akasema. "Kiingereza cha ghalani ninacho," akajibu Baba, "lakini cha watu wa ofisi sina. Na sitaki mtu wa nje akaone ndugu yangu alikuwa akiishi vipi."

Tulitoka baada ya sala ya alfajiri, katika gari la msikiti, jeupe, lisilo na madirisha nyuma. Mbele palikuwa na viti vitatu. Nilichungulia nyuma nikaona kitu kirefu kimefunikwa blanketi. Nikauliza ni nini. "Sanduku la ami yako," akasema Baba. Nasi watu wa Unguja sanduku ndimo tunamowekea nguo za safari. Nikawaza, kumbe Ami siku hizi ana nguo nyingi namna hiyo.

London ilituachia polepole, ya kijivu na yenye ukungu, matawi ya barabara yakizunguka juu ya vichwa vyetu. Tulipopita Oxford ukungu ukaanza kuchanika. Mwanzo niliona vipande tu, mti mmoja wa manjano umesimama peke yake katikati ya konde, kama taa iliyosahauliwa kuzimwa. Kisha ikawa mistari ya miti, kisha misitu mizima. Sikuwa nimewahi kuiona nchi hii nje ya Hayes na Edgware Road. Mashambani nilikuwa nikikujua kwa maneno ya Baba tu, ya kujitupa porini, na katika akili yangu pori lilikuwa tope, giza na mbwa.

Nililoliona siku ile sikuwa na maneno yake, na niliyoyapata yalikuwa ya jikoni na ya harusini. Milima ilikuwa mviringo na laini, imelaliana kama watoto kitanda kimoja. Mingine ilikuwa na rangi ya bizari, mingine ya hina iliyolala usiku mzima kiganjani, ile inayokaribia weusi. Chini yake mito midogo ilikuwa ikimeta, na kondoo wameachiwa huko juu kama punje za wali zilizomwagika. Barabara ilipita chini ya miti iliyofungana matawi, na jua likipenya majani, mikono ya Baba kwenye usukani ikawa ya dhahabu. Upepo ulipovuma, majani yalitumwagikia kwenye kioo kama watu wanavyomrushia bibi harusi maua. Niliteremsha kioo nikatoa mkono nikalidaka moja. Baba hakunikataza.

Tulipofika juu ya mlima mmoja, bonde likafunguka kushoto kwetu lote kwa pamoja, na nikamsikia Baba akisema, "Subhanallah," kwa pumzi. Akapunguza mwendo mpaka gari la nyuma likatupigia honi. Kisha akasema, si kwangu, "Alisema nije nione."

Tukaegesha hapohapo, pembeni mwa barabara. Mama alikuwa ametufungia chapati na chupa ya chai. Baba alinimiminia, akajimiminia, akasimama na kikombe chake akilitazama lile bonde. Hakunywa. Mimi nilikuwa na furaha ambayo nadhani sikuwahi kuipata tena, furaha ya mtu ambaye mambo yake yote yametengenea. Nikasema, "Tukirudi, mimi n'takaa katikati. Ami akae dirishani apate kuona."

Baba akageuka. Akanitazama, na uso wake nikauona ukibadilika, kama mtu aliyekuwa akidhani amefunga mlango wa nyumba, akakuta uko wazi.

"Mama yako hakukwambia?"

"Kaniambia tunakwenda kumchukua Ami."

Akamwaga chai yake majanini. Akachuchumaa mbele yangu, ingawa suruali yake ilikuwa ile nzuri ya Idi. "Ami yako kafariki, mwanangu," akasema. "Alkhamisi. Moyo. Alikuwa akitengeneza uzio, akaanguka. Tunakwenda kumchukua tukamzike."

Sikulia. Nilimuuliza, "Lile sanduku?" Akasema, "Ndiyo." Nikapanda garini, nikakaa dirishani, na tulipoondoka nikasubiri rangi zizime. Nilidhani kwa haki zingezima. Hazikuzima. Kila kona ilikuwa nzuri kuliko iliyopita, na mimi nikaanza kuuchukia uzuri ule kwa moyo wangu wote, kwa sababu ulikuwa ukijua tangu asubuhi na haukuniambia.

Maiti alikuwa katika hospitali ya mji mdogo, lakini hawakuweza kumtoa bila ile karatasi ya kijani inayoruhusu mazishi, na karatasi alikuwa nayo yule mwanamke. Basi tukaenda kwanza kwake. Njia ilikuwa nyembamba, ina ua wa miti pande zote mbili, na mwisho wake palikuwa na nyumba ya mawe, zizi, na mlima nyuma. Mlangoni alilala mbwa mkubwa mweusi na mweupe.

Mwanamke akatoka. Nilikuwa nikitazamia shetani mwenye rangi mdomoni. Alikuwa mfupi, nywele zimeanza mvi, amevaa viatu vya mpira na sweta la Ami Sele. Lile sweta nililijua, Mama ndiye aliyemnunulia. Baba alisimama mbali na mbwa, macho chini, akasema kwa Kiingereza chake cha ghalani kwamba amekuja kwa ajili ya karatasi. Mwanamke akaanza kusema huku analia, haraka haraka, kwa lafudhi ya huko ambayo hata mimi niliisikia kwa taabu. Baba akasikiliza kidogo, akatikisa kichwa. Akaniambia, "Simfahamu hata neno. Nenda wewe ndani umsikilize anataka nini. Mimi hapa sipiti." Sikujua kama alikuwa akimkimbia mbwa au nyumba. Akarudi garini akasimama akitupa mgongo.

Jikoni palikuwa na joto. Yule mwanamke, Glenys ndilo jina lake, alivuta kiti, akajifuta uso kwa kiganja, akasema, "Karibu, mwanangu."

Alisema kwa Kiswahili. Tena alisema vizuri, akiuweka mkazo mahali pake. Ami alikuwa amempa. Kile alichonipa mimi, kwa subira ile yote, kwa michezo ile ya mbu na uziwi, alikuwa amekuja kukitoa huku, jikoni mwa mtu mwingine. Nikamjibu kwa Kiingereza.

Naye akaendelea kwa Kiingereza, polepole sasa, ameniinamia, mikono yake imeshika magoti yangu. Mikono ilikuwa ya kukwaruza. Alisema nimwambie baba yangu kwamba wao walikuwa mke na mume, walifungishwa ndoa na sheikh huko Cardiff, na Sol, ndivyo alivyomwita, alikuwa akipiga simu kila Jumapili kwa sababu alitaka kumweleza kaka yake mwenyewe, kwa kinywa chake. Alisema Sol alikwishachagua mahali pake, juu ya konde, panapoonekana milima mitatu. Ruhusa ipo. Sheikh anakuja kesho adhuhuri. Alisema, "Mwambie baba yako abaki usiku mmoja tu. Vitanda vipo. Amsalie ndugu yake, azikwe hapa alipopapenda. Mwambie namuomba. Lakini akisema hapana, basi. Sol alikuwa akisema neno la kaka yake halivukwi, nami sitalivuka."

Nilielewa kila neno. Nasema hivi ili mtu asinitafutie udhuru. Sikuchanganya maneno. Lafudhi haikunipoteza.

Nikatoka nje. Baba akageuka. "Kasema nini?"

Nilikuwa nimefagia chumba. Nilikuwa nimesogeza kitanda. Najua sasa kwamba maiti hakai chumbani kwa mtoto, na nilijua hata wakati ule, lakini kujua na kutaka ni vitu viwili. Nilitaka aje kwetu. Nilitaka yule mwanamke aliyevaa sweta letu na kusema Kiswahili chetu abaki na milima yake bila yeye.

"Kasema sawa," nikamwambia Baba.

"Sawa? Tumchukue?"

"Sawa. Analia tu."

Baba akafumba macho. Nikarudi jikoni. Glenys alikuwa amesimama, amejishika ukingo wa meza. Nikamwambia, "Amekataa. Anataka karatasi."

Hakubisha. Hicho ndicho ninachokiona usiku, jinsi ambavyo hakubisha. Alisimama tu, akatazama nje dirishani, mlima wote ule wa rangi ya kutu, kisha akafungua mtoto wa meza akatoa bahasha. Hakunipa mimi. Alitoka nayo mwenyewe, akampita mbwa, akavuka ua mpaka kwa Baba, akampa kwa mikono miwili kama alivyofundishwa na mtu anayejua adabu zetu. Akasema kwa Kiswahili, "Kwaheri, kaka."

Baba akanyanyua macho kwa mara ya kwanza. Machozi yakamtoka mbele ya mwanamke asiyemjua, yeye ambaye sijamwona akilia hata alipofiwa na mama yake. "Thank you, madam," akasema. "God bless you." Naye Glenys akainamisha kichwa. Wakaagana kwa heshima, kila mmoja akidhani ameonana na mwenzake, na mimi nimesimama katikati yao.

Tukaenda hospitalini, wakatupakilia sanduku, tukarudi London mvua inanyesha. Kesho yake Ami akazikwa katika makaburi ya Waislamu ng'ambo ya mji, mahali ambapo makaburi yamepangwa karibu karibu kama magari maegeshoni, na kelele za barabara hazikatiki. Mimi sikwenda, wanawake na watoto hawakwenda. Niliambiwa watu walijaa.

Shida ilianza na wema wa Baba. Alikuwa amerudi amelainika. Kila aliyekuja kutoa rambirambi alimsimulia, "Yule mama ni mstaarabu. Nilimdhania vingine. Kakubali bila neno, na kaniita kaka." Wiki ya pili akaniita mezani, akaniwekea karatasi na kalamu, akanisomea barua niiandike kwa Kiingereza. Ilikuwa ya shukrani. Ahsante kwa kukubali kutupa ndugu yetu. Ahsante kwa moyo wako. Niliiandika kama alivyosema, kwa mwandiko wangu bora, kwa sababu kila njia nyingine ilikuwa ya kusema kweli. Akaitia bahasha, akaenda kuiposti mwenyewe.

Jibu lilikuja haraka. Ndani mlikuwa na barua na nakala ya cheti cha ndoa, na cheti kilikuwa na Kiarabu, ambacho Baba alikisoma bila msaada wangu. Nilikuwa skuli. Hakunisubiri. Alichukua barua akaenda nayo msikitini kwa katibu, Bwana Nassor, aliyekuwa na Kiingereza cha kisawasawa, naye akaisoma kwa sauti mbele ya wanaume wanne au watano waliokuwa wamekaa ofisini. Glenys aliandika kwamba asishukuriwe kwa kukubali. Hakukubali. Aliomba usiku mmoja azike mume wake, akanyimwa, akatii kwa sababu mumewe angetaka atii. Na kwamba kushukuriwa kwa kitu ulichonyang'anywa ni vigumu kuliko kunyang'anywa.

Baba alirudi, akakaa ukingoni mwa kitanda changu. Koti hakuvua. "Yule mama alikwambia nini siku ile?" akauliza. "Nambie yote."

Nikamwambia yote. Nilikuwa ninayo kama sura niliyohifadhi. Milima mitatu, sheikh, vitanda, kila Jumapili. Nilipofika pale pa Jumapili alifunika uso wake kwa mikono, na nikaogopa kuendelea, naye akasema, "Endelea." Nikamaliza.

"Kwa nini, mwanangu?"

"Nilitaka Ami aje nyumbani."

Ndege ikapita, vikombe vikatetemeka kabatini. Kisha akaniwekea mkono kichwani, mzito, ukanikalia kama mzigo anaoupakia. "Hili usimwambie mtu," akasema. "Hata mama yako. Limekwisha."

Halikwisha. Siku ya arobaini tulisoma hitma nyumbani, wanaume ukumbini, wanawake jikoni na chumbani, pazia katikati. Nilikuwa nimekaa nyuma ya pazia nakula sambusa. Baada ya dua, Bwana Nassor akasema mbele ya ukumbi mzima, "Bwana Hemed, ile barua imetukaa moyoni. Hebu tuondolee dhana. Kweli mjane wa nduguyo alikuomba, ukamkatalia?"

Baba akasema, "Kweli. Nilikuwa na hasira. Nilimkatalia."

Nilikuwa na sambusa mdomoni. Ningeweza kulifungua lile pazia. Niliitafuna nikaimeza.

Hakuna aliyemtukana Baba, kwetu watu hawatukani. Waliacha tu. Alikuwa mtu wa kuitwa kuosha maiti, wa kushuhudia ndoa, wa kusuluhisha mke na mume. Hakuitwa tena. Alipeleka barua nyingine kwa Glenys, ya kuomba radhi, aliyoandikiwa na mtu wa Edgware Road asiyemfahamu, wala hakupata jibu. Majani yalipopukutika mara ya pili tangu mazishi, akaenda mwenyewe kwa treni na basi. Alikuta nyumba ina watu wengine. Siku za Jumamosi alikuwa amejiandikisha darasa la Kiingereza, akakaa na vijana wa miaka ishirini kwenye viti vidogo, na tangu barua ile hakuniomba tena nimtafsirie hata maandishi ya pakiti ya dawa. Hakuwahi kunifokea. Nilikuwa nikimngojea anifokee kila siku mpaka nikaolewa.

Amefariki mwaka huu. Tulimpikia hitma katika jiko la ukumbi wa jumuiya huko Hayes. Mama alikuwa ndani, kakaa eda. Tulikuwa wanawake sita au saba tunakata vitunguu vya biriani, na Bi Zuwena, mkewe Bwana Nassor, akavuta pumzi akasema, "Mungu amrehemu Hemed. Mtu mzuri alikuwa. Ila lile la kumnyima yule mjane mazishi ya mumewe, Mungu amsamehe."

"Amina," wakaitikia.

Nikaweka kisu. Nikasema, "Hakumnyima. Ni mimi." Na nikawasimulia, pale pale, kwa Kiswahili chote nilicho nacho, ya jikoni kwa Glenys na ya uani, nilichoambiwa na nilichokisema, na jinsi Baba alivyonifunika. Sikuacha neno.

Bi Zuwena alinitazama mpaka nikamaliza. Kisha akafuta mikono yake, akanishika mashavu.

"Mwanangu," akasema, "mtoto wa miaka tisa haamui maiti azikwe wapi. Baba yako kasema mwenyewe kwa kinywa chake, mume wangu alikuwepo. Usimbebee."

"Bi Zuwena, ni kweli. Nilikuwa—"

"Basi, basi. Una moyo mzuri. Kila mzazi angeacha mtoto kama wewe, asingeogopa kaburi."

Wakaitikia amina tena, kwa sauti kubwa kuliko ya kwanza. Mmoja akanisogezea kikombe cha chai, mwingine akanipangusa machozi kwa ncha ya mtandio wake. Chakula kilipoanza kupakuliwa, habari ilikwishafika upande wa wanaume: binti wa marehemu anampenda baba yake hata yuko tayari kujisingizia. Walipokuwa wakiondoka, wazee walisimama mlangoni mmoja mmoja wakanipa mkono wa rambirambi na kuniombea dua, wakisema Hemed hakika alijaliwa mtoto.